Suruali ya Kupandia Mwamba

Mildred alimvisha Anjeline suruali shingoni. Naam, shingoni, mbele ya umati wote wa soko la Busia. Alikifunga kifungo, akakizungusha kiuno cha suruali kwenye shingo ya mwenzake, na ncha mbili zilipokutana kisogoni akaguna kwa kuridhika. Ndivyo wanavyopima wauza mitumba, kwani ni mama gani mwenye heshima zake atakayevua nguo katikati ya marobota? Kiuno kikitosha shingoni, kimetosha.

"Hii ni yako, Mama Maurine."

"Inanibana koo."

"Kwani utaivaa kooni?"

Anjeline hakucheka. Tangu alipofiwa na mumewe alikuwa amechuuza samaki kutoka Majanji bila kumwogopa mtu, lakini mguu wake ulikuwa haujawahi kuingia kwenye suruali. Si kwamba aliona ni dhambi. Wasichana wa kwaya walizivaa, na sauti zao hazikuharibika. Yeye alijijua tu kuwa ni mtu wa magauni, jinsi alivyojijua kuwa ni mtu wa chai ya rangi.

Aliyemfanya aje hapa ni Maurine, binti yake wa pekee. Maurine alikuwa muuguzi, na Jumatatu angepanda ndege kwenda kufanya kazi ng'ambo, kwa miaka ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja. Walipomuuliza anataka aagwe vipi, hakutaka mbuzi wala maombi ya kijiji kizima. Alitaka kupanda Mwamba wa Tororo pamoja na mama yake. Tangu utotoni, kila walipopeleka samaki wakavu Mukuju, alikuwa akiuonyesha mwamba ule kwa kidole na kusema, "Mama, twende juu." Anjeline naye, na kapu lake kichwani, alijibu, "Siku nyingine." Sasa siku nyingine zilikuwa zimebaki chache sana, na alilijua hilo kila alipoamka.

"Nitafutie pana," alimwambia Mildred. "Pana kabisa. Mtu akiitazama adhani ni sketi. Mkwe wangu atakuwepo."

"Aa! Kumbe Okochi naye anapanda?"

"Anapanda. Sasa we fikiria."

Mildred alifikiria, akashika kiuno na kucheka mpaka wateja wakageuka. Alikuwa Mjaluo wa upande wa Kenya, lakini alizijua vyema desturi za majirani zake. Kwa Wasamia, watu wa kabila la Anjeline, mama mkwe na mkwe wake hupishana. Hawapeani mikono, hawali meza moja, na mama hujisitiri mbele ya mkwewe kuliko anavyojisitiri mbele ya askofu. Okochi, mume wa Maurine, alikuwa mkwe wa kujivunia katika mambo hayo. Akimwona Anjeline anakuja barabarani, aliingia duka lolote lililokuwa karibu, hata liwe la sidiria. Sasa mtu huyo aandamane naye mwambani, na mama mkwe yumo ndani ya suruali!

Ile pana waliijaribu. Anjeline aliipitisha chini ya gauni, akapiga hatua mbili, akaikanyaga. Mildred akaivuta na kuitupa kando. Ikaja ya jinzi.

"Paa samaki magamba," Mildred aliamuru.

"Samaki gani?"

"Wewe chuchumaa tu, upae."

Anjeline alichuchumaa. Jinzi ikamgomea magotini, naye akainuka kwa kushikilia meza ya jirani. Ndipo Mildred alipochomoa chini ya rundo ile ya kijani kibichi aliyokuwa amempimia shingoni, nyepesi, ya kitambaa kinachovutika, yenye nafasi mapajani na zipu mifukoni. Anjeline aliivaa huku amenuna, akalikunja gauni kiunoni. Alichuchumaa, akampaa samaki asiyekuwepo, akageuka kulia na kushoto, akainua goti mpaka juu ya robota. Suruali ilimfuata kila alikokwenda bila ubishi.

"Unasafiria," alisema Mildred. "Unapandia mlima. Halafu ukitupia blauzi ya maana, unaenda nayo kwenye kikao cha akina mama."

"Kikao cha akina mama usikitaje kabisa."

Lakini mikono yake ilikuwa imeshazama mifukoni. Mifuko ya kweli! Yeye aliyezoea kuhifadhi simu na leso kifuani alisimama pale akipapasa ndani kwa ndani, na uso ukamlegea. Aliinunua. Kisha, kwa kuwa moyo haukutulia, akanunua na kitenge cha kujifunga juu yake.

Jumamosi asubuhi Okochi aliwasubiri chini ya mwamba, macho kayaelekeza kwenye mpera.

"Maurine, mama ameamka salama?"

"Mwambie nimeamka," Anjeline alijibu, akitazama viatu vyake.

Wakapanda. Okochi alibaki nyuma sana, na Anjeline alikivuta kitenge chini kila baada ya hatua kadhaa, akihisi kisogo chote kinawaka. Walipofika kwenye ngazi za chuma, mguu ulipoinuka kitenge kikanasa. Aliyumba. Maurine, aliyekuwa juu yake, akapiga kelele na kumkamata mkono, na kwa kitambo wote wawili walibaki wameganda, wakihema.

"Nendeni nyinyi," Anjeline alisema. "Mimi nitawangoja hapa."

Maurine alitazama juu. Kisha akamtazama mama yake, akatabasamu. "Haya, Mama. Hamna neno. Tushuke wote."

Tabasamu lile Anjeline alilifahamu. Ndilo alilokuwa akipewa kule Mukuju, na mtoto mwenye miguu ya vumbi ambaye hakuwahi kulia wala kununa, aliyekubali tu. Lilimchoma. Aliona haya kuliko haya zote za suruali. Akakifungua kitenge, akakikunja, akamtupia binti yake.

"Shika hiki. Nani kasema tunashuka?"

Kutoka chini wakasikia matawi yakivunjika: Okochi alikuwa akikwea pembeni kabisa ya njia, kati ya mawe na miiba, uso kautazamisha mwambani, mpaka akawapita na kutokea mbele yao. Shati lilikuwa limechanika begani.

"Maurine, mwambie mama mimi natangulia," alisema, kawapa mgongo. "Sigeuki mpaka juu."

Na hakugeuka. Alipanda akipaza sauti, kama mtu anayezozana na mawe. "Hili la kushoto linacheza! Shikeni chuma, si majani! Hapa panateleza!" Anjeline alikanyaga alipoelekezwa, magoti yakipanda bila kizuizi, na akampenda kijana yule kwa moyo wake wote.

Juu kulikuwa na upepo. Mabati ya Tororo yalimeta chini yao, mashamba ya eneo la Kwapa yakatandazwa upande mmoja, na Kenya ikaanzia pale pale Uganda ilipoishia, bila alama yoyote ya kuonekana. Okochi alikwenda kuketi nyuma ya jiwe kubwa, akawa anasikika tu akimenya karanga.

Maurine alimwonyesha mama yake ziwa, au ukungu aliodhani ni ziwa. Kisha wakaketi. Maurine akalaza kichwa kwenye paja la mama yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aolewe, na mabega yakaanza kutikisika.

"Nani atakuwa anakuangalia, Mama?"

Anjeline alizipapasa nywele za binti yake, mstari kwa mstari wa misuko, hadi Maurine alipoinua uso na kujifuta kwa kiganja.

"Nimekulowesha suruali."

"Lia tu, mwanangu. Jana niliifua, nikaingia jikoni kugeuza mboga, kutoka nikaikuta imekauka."

Kisha akakirudisha kichwa kile pajani, upesi, Maurine asije akamwona na yeye analia.