Kidole cha Pili

Harusi ya kaka mkubwa ilikuwa Jumamosi, na wimbo wa kumwingiza ukumbini ulikuwa na kwikwi.

Wimbo wenyewe aliutunga marehemu baba. Aliupiga kwa kinanda kilichounganishwa na kompyuta ya sebuleni, mauti yakamkuta kabla hajaupeleka popote. Kaka alikataa bendi. "Baba atanisindikiza mwenyewe," alisema, na kazi ya kuutengeneza ikamwangukia dada yake, ambaye baba alimpachika jina la Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Tangu msiba, jina lilikuwa limebaki, mdomo ulikuwa umepumzika.

Programu ya muziki haikuhifadhi sauti, ilihifadhi vidole. Kila noti ilikuwa kipau cha rangi kwenye skrini, kinaanzia pale kidole kilipobonyeza na kuishia pale kilipoinuka. Sasa katikati ya wimbo vipau vilikuwa vimelaliana kama watoto wa kitanda kimoja. Cha kwanza kikiisha, kinazima na sauti ya mwenzake aliyelala juu yake. Wimbo unakwenda vizuri, ghafla unameza mate.

"Umemfanya baba yako mlevi!" Mama alipaza sauti kutoka jikoni.

"Si mimi, Mama. Noti zimepandana."

"Basi zipandue, tupumzike."

Kulikuwa na amri ya kuzisafisha zote kwa mpigo mmoja. Chiriku alipeleka mshale pale, halafu mkono ukasita. Vipau vilivyolaliana vilikuwa vya kitufe kilekile. Akabonyeza kitufe kimoja cha kinanda, akakishikilia, akajaribu kukibonyeza tena bila kukiachia. Ilikuwa kama kumwambia mtu aliyeketi aketi.

Akampigia kaka simu.

"Uliwahi kugusa kinanda cha baba?"

"Mimi? Mimi hata filimbi ya refa inanishinda."

"Kuna mtu amerekodi juu yake."

"Paka."

"Paka gani anajua wimbo mzima?"

"Yule wa kwetu usimdharau. Wewe futa, bwana, watu tuna harusi."

Chiriku hakufuta. Programu ilikoza rangi ya kipau kadiri kidole kilivyobonyeza kwa nguvu, na vile vya juu vilikuwa vimeiva kama pilipili. Akanyamazisha vya baba, akasikiliza hivyo peke yake. Kidole kimoja, kizito, kilichochelewa kila mahali. Kilipofika kwenye kona ngumu, pale baba alipozoea kupanda mbio, kilisimama. Kikakosea. Kikakosea tena. Kikapata, kikaendelea, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi.

Mama alitoka jikoni na kitambaa mkononi. "Hiyo nini?"

"Ndiyo nataka kukuuliza wewe."

"Mimi? Mimi na hilo dude?"

Miaka yote ya ndoa Mama alikiita kile kinanda mke mwenzangu, na alikipangusa kwa uso wa mtu anayemwandalia mke mwenza chai.

"Nilikuwa nafuta vumbi," akasema.

"Vumbi gani, Mama, linalofutwa kwa kufuata mdundo?"

Mama akakaa kwenye mkono wa kochi. Akakunja kitambaa, akakikunjua.

"Alikuwa ananifundisha mkiwa hampo. Tulifika hapo kwenye kona, basi, ndiyo yakatokea ya kutokea. Kumbe ukibonyeza kile kitufe chekundu cha kwenye kompyuta, anapiga. Nikawa namfuata." Akainua macho kwa hasira. "Hakuna aliyeniambia kinanisikiliza! Nilidhani chekundu ni cha kumwita yeye."

Chiriku akageukia kompyuta. "Niusafishe wimbo, nikuondoe?"

"Niondoe. Mwanangu aingie ukumbini na makosa yangu? Watu watatucheka."

Chiriku alivichagua vile vipau vilivyoiva, kimoja kimoja. Hakuvifuta. Akavihamishia kwenye mstari wao wenyewe chini ya ule wa baba, akavipa sauti ya filimbi, ili mmoja akinyamaza asimnyamazishe mwenzake. Akaufungulia wimbo tangu mwanzo.

Kwikwi ziliisha. Baba alitangulia, filimbi ikamfuata nyuma ikihema.

"Msikie anavyokimbia," Mama akasema. "Kila siku namwambia, nisubiri."

"Naweza kumpunguza kasi."

"Wewe! Mwache baba yako."

"Basi nikusogeze wewe mbele kidogo. Mtalingana kabisa."

Mama alifikiri sana, kitambaa kikiwa mdomoni.

"Usinisogeze," akasema. "Tukilingana hatajua kama ni mimi."

Jumamosi kaka, ambaye Chiriku alikwisha kumsimulia yote, aliingia ukumbini kwa mwendo wa baba, kifua mbele, bibi harusi mkononi. Kwenye kona filimbi ikapotea, ikakosea, ikakosea tena, na bwana harusi akabaki na mguu mmoja hewani.

"Tunasubiri nini?" bibi harusi akanong'ona.

"Mama anatafuta kitufe."

Safu ya mbele, Mama alikaa wima, uso mkavu, kidole kimoja kikigonga goti. Kikapata. Kaka akashusha mguu.