204 Imeshaegemezwa

Nyumba ya Bi Rawiya pale Kiponda ilikuwa na nambari tatu na ufa mmoja. Nambari hakuna aliyezijua zote isipokuwa Badriya. Ufa aliujua kila mpita njia, maana ulianzia chini ya dirisha la ghorofani ukateremka mpaka barazani, na ulipoingia mwaka tisini na tisa ulikuwa ukimeza kiganja cha mtu mzima.

Badriya alikuwa karani katika ofisi iliyohesabu nyumba za Mji Mkongwe kwa milango. Kulikuwa na ofisi ya pili iliyozihesabu kwa mapaa, kutoka kwenye picha zilizopigwa na ndege, na ya tatu iliyozihesabu kwa mifereji, yaani mabomba ya maji. Kila ofisi ilikuwa na mfadhili wake, kompyuta yake, na kitambaa chake cha kufunikia kompyuta hiyo vumbi lisiingie. Watu wa mji waliziita Ofisi ya Milango, Ofisi ya Mapaa na Ofisi ya Mifereji. Wakubwa wa ofisi hizo hawakuyapenda majina hayo, lakini hapana aliyewahi kuleta mengine yaliyo bora.

Sasa ichukue nyumba ya Bi Rawiya. Wazee wake waliijenga kama walivyojenga wenzao: mlango mkubwa wa nakshi mbele, kwa wanaume na wageni, mlango mdogo nyuma, kwa wanawake, na juu wikio, yaani daraja lenye kuta na paa linalovuka kichochoro mpaka nyumba ya pili, ili wanawake watembeleane bila ya kushuka njiani. Ofisi ya Milango ilipita, ikaona milango miwili, ikaandika nyumba mbili, 317 na 318. Ofisi ya Mapaa ilitazama kutoka juu, ikaona paa la Bi Rawiya limeshikana na la jirani yake Amjad, ikaandika nyumba moja, 204. Ofisi ya Mifereji haikuandika kitu. Bi Rawiya hakuwa na mfereji. Maji yake yalitoka kwa Amjad, kwa ndoo iliyopitishwa wikioni.

Mwezi wa pili Ofisi ya Mapaa, ambayo ndiyo iliyokuwa na mafundi na magogo ya kuzuilia kuta zisianguke, ilituma watu wakaegemeze nyumba nambari 204 kabla masika hayajaingia. Mafundi wakaja na magogo manane, wakaulizia, wakafika kwanza upande wa Amjad. Amjad alikuwa ameitengeneza nyumba yake mwaka uliopita ili alaze watalii. Rangi ilikuwa mpya na ukuta umenyooka. Akawaambia ukuta wake hauna maradhi. Mkuu wa mafundi akamwonyesha karatasi yenye mhuri, akasema yeye hakutumwa kupima maradhi, ametumwa kuegemeza. Wakaegemeza, wakanywa sharubati aliyowatilia, wakaenda zao.

Badriya alipopita kesho yake alidhani macho yanamdanganya. Bi Rawiya alikuwa dirishani, mtandio begani, akimtazama. Huyu ndiye aliyemfundisha Badriya Kurani chuoni, akimshika kidole kukipitisha juu ya herufi moja moja, na mpaka leo Badriya hakuweza kusimama mbele yake bila ya kujihisi ana miaka saba.

"Shikamoo, Bi Rawiya."

"Marahaba, mwanangu. Umeona serikali yenu ilivyo na huruma? Wameiegemeza ya Amjad ili yangu ikianguka isimuumize."

Badriya alicheka kwa adabu, kisha akatoka pale mbio mpaka Ofisi ya Mapaa, kwa bwana Mahfoudh aliyeiongoza. Mahfoudh alikuwa mtu muungwana na hilo ndilo lililomuudhi Badriya zaidi. Alimpa kiti, akamwagizia chai, akafunua kitambaa, akaandika 204. Kompyuta ikafikiri muda mrefu kisha ikajibu: imeshaegemezwa. Badriya akamwambia 204 ni nyumba mbili. Mahfoudh akamwambia katika picha ni moja. Badriya akatoa karatasi ya ofisi yake, akamwambia basi aegemeze 318. Mahfoudh akatafuta 318, akamgeuzia kioo aone mwenyewe: kwao 318 ni ghala la karafuu kule Malindi.

Badriya akamvuta mpaka Kiponda kwa miguu, jua la adhuhuri kichwani. Mahfoudh akatia mkono wake ufani mpaka kwenye saa. Alipoutoa ulikuwa umejaa chokaa, na uso umembadilika.

"Nshaona, Bi Badriya. Wallahi nshaona. Lakini nikirudi ofisini nitaandika nini? Nikiifungua tena 204, wataniuliza yale magogo manane nimeyala?"

Amjad, Mungu ambariki, alitaka kuyavukisha magogo hayo kwa mikono yake usiku mmoja. Mkuu wa mafundi akapata habari, akaja kumwonya kwamba ni mali ya serikali na atakayeyagusa atajibu mahakamani. Badriya naye alimwomba Bi Rawiya ahamie kwake Bububu mpaka mvua zipite. Bibi akakataa. Alikuwa ameona nyumba ngapi zikiachwa wiki mbili, zikaandikwa gofu, na mwenyewe akirudi anakuta kufuli la mtu mwingine.

Ikabaki njia moja. Bwana Msabah, mkubwa wa Badriya, alikuwa na agizo mezani la tangu mwaka juzi kwamba ofisi tatu zikubaliane nyumba ni nini, kila nyumba ipate nambari moja, na nambari hiyo itumike na wote. Agizo lilikuwa chini ya kikombe cha kalamu. Badriya akalitoa, akalipangusa, akamwomba aitishe kikao.

Kikao cha kwanza wote waliunga mkono nambari moja. Mahfoudh aliunga mkono nambari moja ya mapaa, kwa kuwa picha haisemi uongo. Bwana Machano wa Ofisi ya Mifereji aliunga mkono nambari moja ya mifereji, kwa kuwa mfereji una mita na mita ina chuma. Msabah aliunga mkono ya milango. Wakala sambusa. Kikao cha pili kilikuwa kama cha kwanza, ila sambusa zilikuwa za samaki. Badriya akamuuliza Machano kama Bi Rawiya akiomba mfereji leo, ataingia katika orodha yao na angalau atakuwepo mahali. Machano akamjibu kwa upole kwamba fomu ya kuomba mfereji inataka nambari ya mfereji.

Jioni ile Badriya alilia chooni kwa hasira, akanawa uso, akarudi kupiga chapa muhtasari.

Kikao cha tatu kiliahirishwa mpaka baada ya Idi ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja. Idi ikapita, na mvua ya kwanza ikaja nayo. Hatimaye walipokaa, Badriya, ambaye kazi yake mle ilikuwa kuandika tu, aliweka kalamu chini.

"Mabwana zangu, nyumba ni kuta zinazosimama pamoja na kuanguka pamoja. Milango hata iwe mitano, mawikio hata yawe matatu, mfereji hata usiwepo. Mwenye kujua maana nyingine aniambie sasa hivi, nimwandike jina."

Hakuna aliyetaka kuandikwa jina. Mahfoudh akatazama mkono wake. Machano akasema maneno hayo yanafaa, na Msabah akasema ndiyo aliyokuwa akiyasema siku zote. Wakatia saini. Badriya akaomba nyumba ya Kiponda iwe ya kwanza katika orodha mpya, wakakubali. Akamwagizia fundi kibao cha bati chenye tarakimu moja: 1. Karatasi ya magogo ingetoka Jumatatu, mara nambari zikishaingizwa katika kompyuta zote tatu. Alirudi Bububu akiwa na furaha ambayo baadaye aliionea haya.

Jumamosi asubuhi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Bi Rawiya alichukua bakuli la uji wa pilipili manga akavuka wikio kumpelekea mama yake Amjad, aliyekuwa na homa. Alikuwa ameshaweka mguu upande wa pili alipousikia ukuta. Aligeuka akaona wikio limekatika na mbele yake ni mvua tupu. Hakuumia. Bakuli halikumwagika. Kila kilichokuwa chake, kuanzia kitanda cha arusi yake mpaka juzuu alizofundishia watoto wa mtaa, kilikuwa chini ya mawe.

Jumatatu ripoti tatu zilifika mezani kwa Badriya, kwa kuwa orodha mpya ilikuwa haijaanza kazi. Ofisi yake mwenyewe iliripoti nyumba mbili zimeanguka, 317 na 318. Ofisi ya Mapaa iliripoti nusu ya nyumba, iliyokuwa imeshaegemezwa. Ofisi ya Mifereji iliripoti kwamba hakuna kilichoanguka. Alitakiwa ajumlishe. Aliziweka ripoti zote tatu chini ya kikombe cha kalamu cha Msabah, akachukua kibao cha bati kilicholetwa na fundi asubuhi hiyo, akaenda Kiponda.

Mlango wa nakshi ulikuwa umesimama peke yake katika fremu yake, nyuma yake mbingu. Bi Rawiya alikuwa amekaa kwenye kiti cha Amjad, chini ya magogo manane, akitazama vijana wakifukua. Alikipokea kibao, akakipangusa kwa ncha ya mtandio, akakipitishia kidole kama alivyokuwa akiwapitishia watoto herufi.

"Ndiyo hii nambari yenyewe?"

"Ndiyo, Bi Rawiya."

"Na sasa wakiulizwa nyumba yangu ni ipi, wote watajua?"

"Watajua," alisema Badriya. "Wote watatu."

Bibi akamrudishia kibao na kumwambia akipigilie vizuri, kisipate kutu. Badriya akaazima nyundo kwa Amjad, akakipigilia juu ya mlango, akajaribu mara mbili kukiweka sawa.