Maji ya Miguu ya Mbaraka

Kopo la maji lilikuwa bado mlangoni, limejaa pomoni, na mama mkwe alisimama kando yake kama anayeogopa kulivuka.

"Zuena," aliniambia, "mwanangu keshaswaliwa, watu wamerudi makwao. Mbona hukai eda?"

Nilikuwa nakuna nazi ya wali wa mume wangu.

Kwetu Kiegeani, hapa kisiwani, nilizoea kumwekea Mbaraka maji mlangoni, aoshe miguu ndipo aingie. Naye alikuwa na mbwembwe zake: atayamwaga taratibu, atasugua kisigino kwenye jiwe, kisha atakohoa kidogo nijue kafika. Mara ya mwisho alikwenda Dar kununua bati za jiko letu. Wakati wa kurudi feri ilichelewa, na subira hakuumbiwa yule. Akapanda boti ya mbao. Waliookoka walisema walimwona akienda chini. Maiti haikupatikana, akaswaliwa swala ya ghaibu. Mimi nikaendelea kujaza kopo kila alasiri.

Binti yetu Ummy anasoma fizikia chuo kikuu. Aliponiona silali wala sili, alitafuta cha kunipoza. Akaniambia wapo wataalamu wanaodhani dunia si hii moja, zipo nyingine zisizo na idadi, na kila linaloweza kutokea, mahali fulani limetokea.

"Ipo ambayo baba aliisubiri feri, mama. Amefika salama."

Nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Nilimwona kabisa, bati kichwani, akifukuza kuku wampishe njia. Nikasema eda ya nini, na mtu yu hai? Mama mkwe alilia, akasema ninamnyima mwanawe msiba wake.

Basi siku hiyo, yeye amesimama mlangoni na Ummy anachagua mchele pembeni yangu, swali likanijia.

"Ummy, huko alikofika baba yako, na mimi nipo?"

"Upo, mama."

"Basi maji keshawekewa."

Akainama juu ya ungo.

"Na zile dunia ambazo alipanda boti? Nazo hazina idadi?"

Aliuweka ungo chini. "Nazo, mama."

Kifuu kikaniponyoka. Niliogopa, niliogopa kuliko siku ile nilipoletewa habari. Kumbe kila nilipomfikisha nyumbani nilikuwa namzamisha pia, tena na tena, bila mwisho. Hata pale nilipokaa, mahali fulani maji yalikuwa ndiyo kwanza yanamfika kidevuni, ananiita, na hapana wa kusema imetosha.

"Hapa kazama mara moja," nilisema. "Tumwache apumzike."

Nikainuka, nikalimwaga lile kopo uani. Nikamwambia mama mkwe aniletee nguo za eda. Alikaa nyuma yangu, akanifumua nywele kwa mikono yake mwenyewe, na hapo ndipo nilipolia.

Eda imekwisha zamani. Jiko tuliliezeka kwa bati nyingine. Kopo nililigawa. Lakini zipo alasiri ambazo, nikiwa jikoni peke yangu, nasikia maji yakimwagwa mlangoni taratibu, kisigino kikisugua jiwe, kisha kikohozi kidogo.

Sinyanyuki. Namsikiliza tu, mpaka aingie kwake, huko alikofika.