Kosa la Nne

Kibali cha masomo cha Safina Azizi kilifika Mbinga mwezi wa Julai mwaka tisini na sita, wakati malori ya wanunuzi binafsi yakigombea kahawa ya Wamatengo huko milimani. Sista Bonifasia, mkuu wa chuo cha ualimu, alimwita ofisini, akamkabidhi ile karatasi na kumwambia aisome yote, neno kwa neno, kabla hajaondoka.

Safina alikuwa na miaka kumi na minane. Alizaliwa Kobwe, upande wa Msumbiji wa Ziwa Nyasa, akavushwa mpakani akiwa na miaka minane wakati vita vilipofika kijijini kwao. Kiswahili chake kilikuwa cha Mbinga tupu, rafiki zake walikuwa wa Mbinga, na wengi pale chuoni hawakujua kama ni mgeni. Serikali ndiyo iliyojua. Bila kibali jina lake lisingepelekwa kwenye mtihani wa taifa, na orodha ilikuwa inafungwa baada ya wiki tatu.

Akasoma. Jina limeandikwa Safini. Jinsi, mwanamume. Mwaka wa kuzaliwa, sitini na nane badala ya sabini na nane. Sista alicheka kidogo, akasema kwa hesabu hiyo amepata mwanafunzi mwenye umri wa kuwa mwalimu wa wenzake. Safina naye akacheka. Kisha akageuza ukurasa wa pili, penye habari za wazazi. Baba: Azizi, marehemu. Hapo hapakuwa na ubishi. Baba alikufa kabla ya vita. Mama: Mwanaisha Bakili, yu hai, mkazi wa Kobwe.

Kicheko kikamkauka. Mama yake aliteketea ndani ya nyumba alfajiri ile ya vita. Ndivyo alivyoambiwa na Shangazi Rukaiya, dada wa baba yake, aliyekuwa ameondoka naye mapema kwenda kung'oa mihogo, na aliyekimbia naye porini siku mbili mpaka Chiwanda, upande wa Tanzania. Hata kwenye fomu ya maombi Safina aliandika hivyo kwa mkono wake: mama, marehemu.

“Makosa manne,” Sista akasema. “Nenda mkoani wakayarekebishe. Na usirudi na ahadi, rudi na mhuri.”

Kesho yake alipanda lori la kahawa hadi Songea. Ofisi ya vibali ilikuwa na watu wengi, na zamu yake ilifika saa nane mchana. Ofisa aliyemhudumia alikuwa mtu mzima aitwaye Romanus, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Safina akamwamkia shikamoo, akaeleza shida yake. Mzee Romanus alimtazama, akatazama neno mwanamume, akaomba radhi. Alisema mpiga chapa wao ana mkono mwepesi kuliko macho. Akayakata matatu kwa wino mwekundu, moja baada ya jingine, na kuweka sahihi yake pembeni ya kila moja.

La nne hakuligusa.

“Hili si kosa letu,” akasema.

Safina akafikiri hakusikika vizuri. Akarudia kwa adabu kwamba mama yake alifariki mwaka wa themanini na sita. Mzee Romanus hakubishana. Aliinuka, akaenda kabatini, akarudi na faili. Akamweleza kwamba kila mwanafunzi wa nje habari zake hupelekwa kwao zikathibitishwe, na za kwake zilipelekwa ng'ambo, zikajibiwa. Akafungua ukurasa mmoja na kuugeuza ili Safina auone.

Ilikuwa barua ya Kireno, chini yake imetafsiriwa. Ilisema mama mzazi wa msichana huyu amefika mwenyewe mbele ya mkuu wa eneo, ameeleza alivyonusurika moto wa nyumba, ametaja siku aliyompoteza na kovu la moto lililo chini ya goti la kushoto la mtoto. Palikuwa na alama ya dole gumba na picha ndogo ya mwanamke aliyejitanda kanga, amekaza macho kama anayetazama jua.

Safina aliinama akashika goti lake juu ya sketi, kama vile kovu lingeweza kuwa limehama. Masikio yakawa yanavuma. Aliona midomo ya mzee yule ikicheza, asisikie kitu. Mtu wa nyuma yake kwenye foleni ndiye aliyemvutia benchi, akakaa.

Aliporudiwa na masikio, mzee Romanus alikuwa anaeleza jambo lililobaki, na alilieleza polepole, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba. Kibali hakiwezi kusema mama yu hai wakati fomu ya mwombaji inasema amekufa. Na ile fomu ilikuwa na kiapo. Kwa hiyo mwenye kosa la nne ni mwombaji, na mwombaji ndiye wa kulikata.

Akaitoa fomu ile kwenye faili, akampa kalamu nyekundu.

Safina aliona mwandiko wake mwenyewe, ule mzuri wa herufi za duara aliosifiwa tangu darasa la tano. Marehemu. Aliandika neno lile bila hata kusita, mchana mmoja, huku akizungumza na mwenzake habari za kitambaa cha sare. Akalikata. Mstari ukapinda, ikabidi aweke sahihi mara mbili.

Kesho yake alimkuta Shangazi Rukaiya uani kwake Mbinga, anatundika nguo za mitumba kwenye kamba kabla ya kuzipeleka sokoni. Safina hakusalimu. Alisema tu kwamba ameiona picha ya mama.

Shangazi hakuuliza picha gani. Hilo ndilo lililomvunja Safina zaidi ya barua, zaidi ya dole gumba. Mwanamke yule aliyemlea aliendelea kushika shati mkononi, halitundiki, haliweki chini, na uso wake haukuonyesha mshangao hata chembe.

“Ulijua,” Safina akasema.

“Mwanzo niliona nyumba inaungua, nikasema nilichokijua,” Rukaiya akajibu. “Mwaka wa tisini na tatu, wakimbizi wenzetu waliporudishwa nyumbani, ikaja barua kwamba anakutafuta. Tangu siku hiyo nimekuwa nasema nilichokitaka.”

Yaliyobaki aliyasema akiwa amekaa chini, ameegemea beseni. Kwamba mwaka ule Safina alikuwa kidato cha pili. Kwamba kule ng'ambo shule zilikuwa magofu na mabomu yamefukiwa njiani. Kwamba alijiambia amalize kidato cha nne kwanza, kisha apate chuo kwanza. Na kwamba yeye hakuzaa. Hili la mwisho alilisema kwa sauti ndogo. Safina aliingia ndani, akakusanya nguo zake na kurudi bwenini, na kwa wiki kadhaa hakukanyaga nyumba ile.

Kibali kilichosahihishwa kilifika siku nne kabla ya orodha kufungwa. Sista Bonifasia alikisoma mara mbili, akaandika jina, kisha akampa ruhusa ya wiki nzima bila kuombwa. Alikuwa ameshapeleka habari kwa padri wa Chiwanda, naye akazituma Kobwe kwa mikono ya wachuuzi wa usipa, dagaa wa ziwa lile, wanaokwenda na kurudi kila wiki.

Basi Safina alisimama pale Chiwanda kwenye mchanga, saa nne asubuhi, mashua ya wachuuzi ilipogusa ufuko. Walishuka wanaume na magunia, kisha wanawake watatu. Wa mwisho Safina alimtambua kwa macho yale ya kwenye picha. Akapiga hatua moja mbele. Mwanamke yule akampita. Akampita karibu kabisa, hata kanga yake ikagusa mkono wa Safina, akaenda kwenye kundi la watoto waliokuwa wakiokota usipa waliodondoka, akawa anawatazama mmoja mmoja. Macho yake yalikuwa yanatafuta chini, usawa wa kiuno. Alikuwa ameambiwa mwanawe yuko chuoni, na alikuwa amewatangazia watu wa mashua nzima. Lakini macho yake yalikuwa bado yanamtafuta wa miaka minane.

“Mama,” Safina akasema kwa Kinyasa, lugha ya kwao. “Ni mimi huyu mkubwa.”

Mwanaisha aligeuka. Alimtazama kuanzia miguuni kupanda juu, taratibu, na alipofika usoni akaketi mchangani. Aliushika mguu wa kushoto wa Safina, akapandisha sketi kidogo mbele ya watu wote, akaliona kovu, akaweka shavu lake pale. Hawakulia mpaka baadaye sana.

Siku ya tatu mama alisema anataka kupanda Mbinga kumwona wifi yake. Safina alikataa, mama akasema hakuomba ruhusa.

Rukaiya aliwapokea mlangoni bila kilemba, mikono imelegea. Akapika, wakala wote watatu. Baada ya kunawa, Mwanaisha akamgeukia.

“Wifi, ile miaka saba nakushukuru, na nitakushukuru mpaka kaburini. Hii mitatu ya mwisho sijakusamehe. Nitakuja tena mwakani, uniulize.”

Rukaiya akaitikia kwa kichwa, akasema atauliza. Kisha akaenda kumtandikia mgeni kitanda chake mwenyewe, na Safina, baada ya kusimama kidogo, akashika upande wa pili wa shuka.