Chokaa ya Jabez

Tangu alfajiri Selina Aspinall hakutulia. Aliunguza mkate, akavaa shali ya Jumapili siku ya Jumamosi, na alipomwona mumewe bado anaipoza chai yake kwenye kisahani, uvumilivu ukamwisha.

"Jabez, mpaka umalize kuipepea hiyo chai, kiwanda kitakuwa kimeshaungua na kujengwa upya."

"Moto wenyewe haujawashwa," Jabez akajibu. "Na hauwashwi bila mzee Ormerod, na mzee Ormerod hajawahi kuacha mayai yake mezani kwa ajili ya mtu. Kaa chini, mke wangu, unanitia kizunguzungu."

Siku hiyo mji mzima wa Harrowclough ulikuwa unakwenda kutazama moto wa makusudi. Bwana Ormerod, mwenye kiwanda cha kusokota pamba, alikuwa mgumu kama gogo, lakini baada ya kubembelezwa mwaka mzima alikubali jambo moja. Fundi afunge mabomba ya maji kwenye dari ya chumba kimoja tu, chumba cha kuchambulia pamba katika jengo la zamani. Moto uwashwe chini yake. Mabomba yauzime yenyewe, bila mkono wa mtu. Yakiuzima, yatafungwa kiwanda kizima. Yakishindwa, yatang'olewa, na watu watabaki na ndoo zao za maji zilizotundikwa ukutani, kama walivyokuwa tangu enzi za babu zao.

Selina alizijua ndoo hizo. Mama yake alikufa motoni akiwa ameshika moja, katika kiwanda cha bonde la pili, wakati Selina ana umri ule ule wa binti yake Keziah sasa. Na huyo Keziah alifanya kazi ghorofa ya juu kabisa, pekupeku kwenye sakafu iliyokunywa mafuta tangu siku ilipopigiliwa misumari, na ngazi ya kushukia ilikuwa moja. Kila asubuhi king'ora kilipolia, Selina aliinua macho kwenye madirisha ya juu akaikumbuka ngazi ile moja. Basi asilaumiwe kwa mkate kuungua.

Walipofika, ua wa kiwanda ulikuwa umeshafurika. Bendi ya kanisa ilikuwa inapuliza tarumbeta, magari ya zimamoto ya mji yalikuwa yamesimama getini na farasi wake wakichapa kwato, na Dorcas, mwuza njegere nyeusi, alikuwa amekwisha kutandaza vikombe vyake na kuzimwagia njegere siki kwa mkono wa ubahili. Watoto walikuwa wamepanda ukuta. Selina na Jabez walipita katikati ya watu wakaingia ndani, kwa kuwa Selina na wanawake wenzake wa chumba kile ndio walioagizwa kurundika makapi ya pamba yatakayochomwa.

Chumba kilikuwa cheupe pe. Wiki mbili nyuma, katika sikukuu ya mji, watu walipokwenda Blackpool kupunga upepo wa bahari, Jabez na ndugu zake walibaki kupaka chokaa. Sheria ya viwanda ndiyo inayotaka kuta na dari zipakwe. Lakini Harrowclough kupaka chokaa si sheria tu, ni heshima ya ukoo. Mtu akiacha doa, wajukuu zake watasimuliwa. Na Jabez Aspinall hakuwahi kuacha doa.

"Tazama dari hiyo," alimwambia mkewe, kifua mbele. "Kuna kitu umekiona kilichokosa chokaa?"

Hakikuwepo. Na hapo ndipo alipoingia fundi wa mabomba, Enoch Tattersall, kijana mfupi wa Manchester aliyefunga mabomba kabla ya sikukuu, akaenda kukaa kwa mjomba wake na kurudi asubuhi hiyo. Akainua macho darini. Spana ikamtoka mkononi ikaanguka juu ya kidole chake cha mguu, wala hakusema "ah".

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," akasema Jabez. "Umependa?"

Enoch alikaa juu ya rundo la makapi kama mtu aliyepewa habari za msiba. Akawaeleza, maskini, kwa sauti ya chini. Kila kinyunyizio kwenye bomba kilikuwa na kifuniko kidogo kilichoshikwa na risasi laini ya kuungia, madini yaliyochanganywa ili yayeyuke hata kwa joto la maji ya moto. Moto ukipanda darini, joto linaiyeyusha risasi, kifuniko kinaruka, maji yanashuka. Siri yote ilikuwa hiyo. Lakini risasi ikifunikwa na chokaa nzito iliyokauka, joto litabisha hodi na hakuna atakayelifungulia mpaka chumba kimekwisha.

"Umevivalisha makoti, bwana," akasema. "Kinyunyizio kinatakiwa kiwe uchi ili kisikie joto."

"Niliambiwa nipake dari," Jabez akasema, na uso wake sasa ulikuwa mweupe kuliko kazi yake. "Vilikuwa darini."

"Tumwambie mzee aahirishe," akasema Enoch.

"Mzee Ormerod?" Selina akadakia. "Alimfukuza mtu kwa kula tofaa karibu na mashine. Atamfukuza Jabez, kisha atang'oa mabomba, kisha atakwenda kula chakula cha mchana amefurahi. Tutavisafisha. Leteni ndoo, nakwenda kuchota maji ya moto huko kwenye boila."

Alikuwa amekwisha kufika mlangoni na ndoo. Enoch alimkimbilia akamshika shali.

"Mama, maji ya moto yatayeyusha risasi. Utatuogesha sote sasa hivi."

"Basi tukwangue kwa kisu."

"Risasi yenyewe laini kama jibini. Utaitoa pamoja na chokaa."

Nje bendi ilikuwa imebadilisha wimbo. Selina alitazama vile vichwa vyeupe vya vinyunyizio darini, na ghafla vikamkumbusha birika lake la nyumbani, jinsi linavyoota ukoko mweupe ndani.

"Siki," akasema.

Enoch alijipiga paji la uso. "Hata mama yangu husafisha birika kwa siki. Akili yangu imekwenda wapi?"

Selina alitoka mbio, viatu vyake vya mbao vikilia juu ya mawe ya ua, mpaka kwa Dorcas.

"Nipe siki."

"Kikombe cha njegere kwanza."

"Nataka mtungi mzima."

Dorcas alimtazama kuanzia usoni akateremka mpaka tumboni. "Wewe mwanamke, kwa umri huo? Na Jabez anajua?"

"Dorcas, kwa jina la Mungu."

Kitu fulani katika sauti hiyo kilimfanya Dorcas aache mzaha. Alimpa mtungi, na wateja waliokuwa kwenye foleni wakaanza kulalamika kwamba njegere zisizo na siki ni chakula cha njiwa.

Ndani walijifungia. Wanawake walipanda ngazi, wakavua vitambaa vya kichwani wakavilowesha, wakavifunga kwenye vinyunyizio na kusugua polepole, huku Enoch akipita nyuma yao na mswaki wake mwenyewe. Chokaa ilitoa povu, ikalainika, ikadondoka. Chumba kilinuka achari. Mmoja baada ya mwingine vichwa vilianza kung'aa, na kila kilipong'aa kimoja wanawake walicheka chinichini kama wasichana walioiba sukari. Selina mwenyewe alicheka. Mikono ilimwasha, macho yalimchoma, na hakukumbuka lini aliwahi kuwa na furaha na hofu kwa wakati mmoja namna hiyo. Kilipobaki kichwa kimoja tu, kile cha pembeni karibu na dirisha, fimbo iligonga mlango.

"Mmelala humo?"

"Acheni hicho," Enoch akanong'ona. "Moto uko mbali nacho. Hakitahitajika."

Bwana Ormerod aliingia na kofia yake ndefu, ndevu za mashavuni zimechanwa, mwenge mkononi. Alilitazama rundo la makapi lililopangwa vizuri katikati ya chumba. Kisha akamtazama Enoch.

"Kijana, mimi nimeshauziwa farasi vilema na watu wenye sura kama yako. Sitaki moto wa kupangwa." Akalisukuma rundo kwa mguu, na watumishi wake wakamsaidia, mpaka likafika karibu na dirisha. Chini kabisa ya kile kichwa cheupe. "Hapa."

Mwenge ukashuka.

Watu wote walitoka nje hadi uani kutazama kupitia milango na madirisha yaliyoachwa wazi. Bwana Ormerod aliinua leso yake juu. Akiishusha, zimamoto wataingia na jaribio litakuwa limekufa. Makapi yale yalikuwa yamenyweshwa mafuta ya taa, na moto haukuchelewa. Ulisimama, ukanyoosha shingo, ukailamba dari. Moshi ukatoka madirishani. Bendi ikaacha kupiga. Selina alikitazama kile kichwa cheupe katikati ya moshi, kimekaa vilevile, hakina habari. Alimshika mkono Keziah, aliyesimama ubavuni pake, akaubana mpaka msichana akasema, "Mama, unaniumiza." Leso ikaanza kushuka.

Paa.

Si kile cha juu ya moto. Kilikuwa jirani yake wa kushoto. Kisha wa kulia, paa, na wa nyuma, paa, na maji yakateremka kwa kelele ya mvua ya mawe juu ya bati. Moto uliguna, ukajaribu kukimbilia ukutani, ukakuta maji yamewahi. Mvuke ukafunika kila kitu. Ulipopungua, hapakuwa na moto tena. Viatu vya mbao mia kadhaa vikaanza kupiga mawe kwa pamoja, mpaka farasi wa zimamoto wakarudi nyuma kwa woga. Selina alipiga vyake kuliko wote.

Lakini Bwana Ormerod aliingia ndani, akapita katikati ya maji yaliyokuwa bado yanamwagika, akasimama pale moto ulipokuwa. Hapakuwa na tone linaloshuka juu yake. Akanyoosha fimbo darini.

"Mimi nimesimama pakavu," akawaambia watu waliojazana mlangoni. "Moto niliuwasha hapa, na hiki kimelala usingizi. Leo majirani wamekifanyia kazi. Siku jirani naye akilala, je? Ng'oeni."

Enoch alimtazama Jabez. Selina naye alimtazama mumewe. Hakumwomba chochote. Angemwombaje? Kazi ilikuwa yake, na nyumba waliyolala ilikuwa ya kiwanda; akikiri, vyote vingekwenda. Lakini Jabez alikuwa amekwisha kuiegemeza ngazi, anapanda ndani ya maji na kitambaa cha siki mkononi.

"Hakijalala, bwana mkubwa. Mimi ndiye niliyekifunika shuka. Vyote nilivifunika, kwa chokaa yangu, na mke wangu na wenzake wamevifunua vyote ila hiki." Alisugua taratibu, hana haraka, kama anayemwosha mtoto uso. Risasi ikaonekana, inang'aa. "Nipeni taa. Na wewe, bwana, ni heri usogee."

"Sisogei."

Jabez alipokea taa, akaiweka chini ya kinyunyizio. Watu walisubiri. Bwana Ormerod aliinua uso kutazama vizuri.

Paa.

Maji yalimpata machoni. Kofia ilikwenda upande wake, ndevu zilizochanwa zikashuka mpaka kwenye kola. Hakuna aliyethubutu kucheka. Hata Dorcas, mlangoni, alijiziba mdomo kwa kikombe. Mzee alisimama pale akichuruzika, kwa muda ambao Selina aliuona mrefu kuliko ibada ya Ijumaa Kuu.

"Aspinall."

"Naam, bwana."

"Ukipaka chokaa ghorofa ya juu, utaacha doa."

Ilimchoma Jabez, kila mtu aliona. "Doa moja, bwana?"

"Doa kila penye kichwa cha maji. Nikikuta kimoja cheupe, utakiona cha moto. Na wewe kijana, anza kufunga huko juu. Jumatatu."

Alitoka bila kofia. Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, na tarumbeta, na Dorcas akidai mtungi wake. Keziah alimkuta mama yake amesimama pale palipokuwa pakavu, shali ya Jumapili imelowa chepechepe, uso ameuinua kwenye maji, analia waziwazi.

"Mama, toka, utaugua."

"Niache kidogo," Selina akasema, akamvuta na yeye ndani ya maji.