Kifuniko cha Chemba ya Nne

Jumatatu daktari wa upasuaji alisema mguu wa mama mkwe wangu utakatwa Ijumaa, chini ya goti. Alisema huku akitazama saa yake. Kidonda cha kisigino kilikuwa kimeoza, na antibiotiki walizompa, za aina tatu, zilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

"Mkwe," mama akaniuliza daktari alipotoka, "yule anataka mguu au anatafuta kuni?"

"Hana lingine, mama."

"Mwanangu mlimzika mzima. Mimi mnanizika kwa vipande."

Mke wangu alifia wodi hiyohiyo, kitanda cha nne kutoka mlangoni, miezi kumi na sita iliyopita, kwa bakteria haohao wasiosikia dawa. Alikuwa mtoto wa pekee. Mama amebaki na mimi, nami nimebaki naye, na hakuna kati yetu aliyeuchagua urithi huo.

Mimi nazibua mitaro na chemba za maji machafu za hospitali hii, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Wananiita Mzee Chemba, na wanaponiita wanashika pua. Kila Jumanne huwa nachota chupa moja ya maji machafu, nampelekea binti wa maabara. Ndiye mtu pekee mle ndani aliyewahi kunieleza kazi yangu ni ya nini. Aliniambia kwamba ndani ya maji yale wamo virusi wanaokula bakteria. Kirusi huingia ndani ya bakteria, huzaa humo, kisha watoto wake huvunja ukuta watoke. Wanauvunja kwa kimeng'enya.

"Ni kama mwizi na mtaimbo wake, baba," alisema. "Sisi tumemwacha mwizi, tumechukua mtaimbo peke yake. Ukiumwagia bakteria kwa nje, ukuta unapasuka. Hata huyu sugu."

Jumatatu hiyo nilitoka wodini nikaenda kwake moja kwa moja.

"Ile dawa ya mtaimbo iko wapi?"

"Kwenye friji. Iko pale tangu mwaka juzi."

"Basi mpe mama."

"Kamati ya hospitali haijaidhinisha."

Nikafunguka. Nilimwambia kamati ni watu wa chai na viti vya kuzunguka, kwamba mke wangu walimwua kwa kalamu, kwamba samaki huanza kuoza kichwani. Binti aliniacha nimalize. Naye alikuwa amechoka, macho yamemwingia ndani.

"Baba, safari hii si chai. Karatasi yangu inasema virusi wale walitoka chemba ya nne, ya nyuma ya wodi. Kamati ikataka niwapate tena palepale, ijue dawa imezaliwa wapi. Nimejaribu mara sita. Umenichotea mwenyewe. Hawapo."

Nikatafuta kiti.

Kifuniko cha chemba ya nne ni chuma na zege. Hakiinuki bila mtaimbo, na mtaimbo wetu ulikatika. Niliandika ombi mara tatu kwa mkuu wa majengo. Kimya. Jumanne moja ya mwaka juzi, mgongo ukiniuma, nilizunguka nyuma ya jengo la utawala, kwenye chemba ya choo cha wakubwa. Kile kifuniko ni cha plastiki, unakiinua kwa vidole viwili. Nikachota, nikaandika "4" kwenye chupa. Maji machafu ni maji machafu, nilijiambia. Wiki iliyofuata mwashi mmoja akawa ananiazima mtaimbo wake, na tangu hapo sijadanganya tena. Zile chupa sita zilikuwa za kweli. Ya uongo ilikuwa ile ya kwanza, ndiyo iliyokuwa na dawa.

Jumanne asubuhi nilikaa juu ya kifuniko cha nne kama kuku anayeatamia. Nikinyamaza, mguu unakwenda. Nikisema, kazi inakwenda, na zaidi ya kazi nitakuwa nimekiri kwamba mimi ni mmoja wa waliomcheleweshea mke wangu dawa.

Nikaenda nyuma ya utawala. Nikachota. Kwenye chupa nikaandika kwa herufi kubwa: CHOO CHA WAKUBWA.

Binti aliisoma kwa muda mrefu.

"Ile ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Baba... marehemu mkeo..."

"Usimalize."

Jumatano aliniita nione sahani ya maabara: utando wa bakteria umetobokatoboka kama shuka lililoliwa na nondo. Virusi wamepatikana. Kamati ikakutana siku ileile. Kumbe inaweza! Alhamisi mchana karatasi ya kibali ikatoka, mama akaweka dole gumba, na binti akamimina dawa kidondani kwa mkono wake.

"Hii imetoka wapi?" mama akauliza.

"Choo cha wakubwa, mama."

Alicheka hadi muuguzi akaja mbio. "Basi leo wametoa kitu cha maana!"

Ijumaa daktari alibonyeza, akanusa, akasema tusubiri. Aliendelea kusema hivyo wiki nzima. Nyama nyeusi iliondolewa, kisigino kikabaki na shimo la kuingia kidole, lakini mguu uko.

Mimi nilipewa barua ya onyo la mwisho kwa ile chupa ya uongo. Imesainiwa na mkuu wa majengo, mkono uleule ambao haukuwahi kusaini mtaimbo. Nikaipokea, na pembeni yake nikaandika: *Naomba mtaimbo. Ombi la nne.*

Siku ya kuruhusiwa, mama alikaa ukingoni mwa kitanda, fimbo mapajani.

"Mkwe. Dawa hii ilikuwepo mwanangu alipolala pale?"

"Ilikuwepo."

"Nani aliizuia?"

Jibu nilikuwa nalo, nimelinoa miezi kumi na sita, na ndani yake wamo wakubwa watupu. Nikamweleza lote, na kifuniko nikakitia, na mgongo, na ile namba niliyoandika.

Akageukia ukuta. Muuguzi alipita mara mbili na kigari chake. Kisha mama akanyoosha mkono bila kunitazama, nikamwinua. Tulikwenda taratibu. Kwenye kitanda cha nne alisimama, akashika chuma chake, akapumzika.

"Mtaimbo wameleta?"

"Bado, mama."

"Mbwa hao," akasema. Kisha akasema, "Na wewe."

Tukatoka.