Vigae Kumi na Kimoja

Swali lilitoka kwa binti yangu, asubuhi, nikiwa nafunga kamba za viatu. Mwalimu wao kawapa insha: kama maisha yako haya haya yatarudi milele, siku kwa siku, bila kubadilika hata punje, utafurahi au utalia?

"Nitachelewa kazini," nikamjibu.

"Milele?"

Mtoto yule ulimi kaurithi kwa mama yake. Mama yake naye akadakia kutoka jikoni: "Muulize kama na kutokwenda stendi leo kutamrudia milele."

Hapo ndipo palipouma. Mdogo wangu alikuwa anahama na familia yake, anaenda mbali, basi la saa nane mchana. Miaka mitatu hatusemezani. Mimi ni fundi vigae, mtaani wananiita Rula, na jina hilo sikupewa bure. Tulifanya kazi pamoja miaka tisa: mimi napanga, yeye anakata na kunipa. Siku moja alipanga yeye, kigae kimoja kikapinda, upana wa ukucha tu. Nikamfukuza mbele ya mwenye nyumba. Nilimwambia mkono wake haufai hata kupanga vikombe mezani. Kabla hajafika getini nilishajua nimekosa, lakini kwangu mimi kuomba radhi ni kumkata jongoo kwa meno.

Basi nikaenda kazini. Ilikuwa sebule ya mwalimu mmoja mstaafu, tupu, mwenyewe hayupo. Fundi vigae huanzia ukuta wa mbali, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, maana kigae kibichi hakikanyagwi mpaka kesho yake. Hata anayejifunza kazi leo analijua hilo. Zamani kila tukianza chumba mdogo wangu alikuwa akinipigia kelele, "Mlango, kaka!" Alikuwa akinitania tu, kwa sababu sikuwahi kusahau.

Siku hiyo kichwani nilikuwa na swali la mtoto. Nikajiambia, kama leo itarudi milele, walau sakafu yangu inyooke. Nikapanga kwa kamba na pima maji, safu baada ya safu, mpaka mwenyewe nikajipongeza. Nilipoinuka kunyoosha mgongo nilikuwa kwenye kona chini ya dirisha, dirisha lina nondo, na kati yangu na mlango kuna sebule nzima mbichi. Nilikuwa nimeanzia mlangoni.

Nilicheka. Kisha nikatukana. Kisha nikageuza ndoo nikaikalia. Simu ilisema saa saba na robo.

Ningeweza kukaa pale hadi asubuhi, na kisingizio nilikuwa nacho, kizuri kabisa. Nani angenilaumu? Lakini lile swali likanibana. Nilijiona juu ya ndoo ile ile, sakafu imenyooka, basi linaondoka, tena na tena, na kila mara nina kisingizio. Niliogopa, na sioni haya kusema.

Nikavua viatu nikakanyaga. Kila kigae nilikisikia kikizama.

Nilipofika stendi dereva alishawasha injini. Mdogo wangu alikuwa mlangoni mwa basi, amembeba mtoto. Akanitazama miguu kabla ya uso.

"Shikamoo, kaka. Mbona simenti mpaka vifundoni?"

"Marahaba. Nimejifungia kwenye kona. Nimetoka kwa kukanyaga."

"Umekanyaga vingapi?"

"Kumi na kimoja."

"Mimi ulinifukuza kwa kimoja."

"Najua. Nilikosa. Nisamehe, mdogo wangu."

Midomo ikamcheza. "Mlango, kaka," akasema, akanivuta kwa mkono mmoja akanikumbatia. Mtoto, wa miaka miwili hivi, akaficha uso shingoni kwa baba yake. Hanijui. Utingo akapiga bati la basi, wakapanda.

Nilirudi nikaving'oa vyote kumi na kimoja, nikavipanga upya, safari hii nikianzia dirishani. Jioni binti yangu alinisubiri na daftari.

"Baba, nikuandikie nini?"

"Andika nitavikanyaga tena."

Akaandika. Kisha akauma kalamu. "Na ile miaka mitatu, nayo inarudi?"

Nilikuwa nakwangua simenti kwenye kucha. "Si umesema bila kubadilika hata punje?"

"Ndiyo."

"Basi inarudi," nikamwambia. "Yote mitatu. Andika na hilo."